Sullivan na O'Sullivan ni ukoo mmoja? Na asili yao ni Tipperary au Cork?

MamaMapacha:
Habarini wakuu, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya nasaba za Ayalandi. Mume wangu ni Sullivan, kazaliwa Boston, kwao walihama Ayalandi miaka mingi sana. Binti zetu mapacha wameanza kuuliza jina letu limetoka wapi na nataka niwape kitu cha kweli. Shida ni kwamba kila ninaposoma mambo yanagongana, huku wanasema hao ni watu wa kaunti ya Tipperary, kule wanasema kaunti za Cork na Kerry, halafu cheti cha ndoa cha babu wa babu yao kimeandikwa Castletownbere. Na mbona wengine ni O'Sullivan na wengine Sullivan tupu, ni koo mbili? Pia kuna ile ngao ya ukoo inauzwa mtandaoni, inafaa kuweka sebuleni au?

MzeeNasaba:
Karibu dada. Hapo hakuna mgongano, zote mbili ni kweli ila ni za nyakati tofauti. Mwanzoni walikuwa Tipperary, makao yao Knockgraffon karibu na mto Suir, nao ni tawi la Eóganacht, wale waliotoa wafalme wa Munster, jimbo la kusini mwa Ayalandi, wenye kiti chao Cashel. Wanormani walipoingia kuanzia 1169 wakawa wanachukua ardhi nzuri ya bonde lile, na hadi mwisho wa karne ya 12 O'Sullivan walikuwa wameshasukumwa kusini magharibi kwenye milima na bahari. Huko wakagawanyika, O'Sullivan Mór akakaa Dunkerron karibu na Kenmare upande wa Kerry, O'Sullivan Beare akashika rasi ya Beara na ngome ya Dunboy upande wa Cork. Sasa Dunboy iko jirani kabisa na Castletownbere, kwa hiyo cheti chenu kinawaweka moja kwa moja kwenye nchi ya Beare.

Wasimulie mabinti habari za Dónal Cam, chifu wa O'Sullivan Beare, maana nchi hiyo ndiyo yake. Waayalandi na Wahispania walishindwa na Waingereza kwenye vita vya Kinsale, Cork, mwisho wa 1601, Juni iliyofuata jeshi la Kiingereza likaipiga Dunboy kwa mizinga na waliokuwa wanailinda walikuwa 143 tu. Tarehe 31 Desemba 1602 Dónal akaondoka Glengarriff na watu kama 1,000, wapiganaji kama 400, waliobaki ni wanawake, watoto na watumishi, wakaelekea kaskazini kwa chifu mwenzake O'Rourke huko Leitrim, baridi kali, njaa, wanashambuliwa njiani mpaka na Waayalandi wenzao. Walipofika mto Shannon hawakuwa na mashua, wakachinja farasi, nyama wakala, ngozi wakatengenezea mitumbwi ya kuvukia. Baada ya kama wiki mbili waliofika kwa O'Rourke walikuwa 35. Mimi kila nikiisoma hii nafikiria wale watoto. Dónal mwenyewe baadaye alihamia Hispania na akauawa Madrid 1618.

Ila dada, kuwa na jina hilo si ushahidi kwamba mnatokana na Dónal. Jina lilienea mno.

Dada Nasra:
Nijibie hilo la O'. Ni ukoo ule ule, hiyo Ó maana yake mjukuu au mzao wa fulani, kama vile Mac ni mwana wa fulani. Karne ya 17 na 18 utawala wa Kiingereza ulipokaza, majina ya Kigaeli yalikuwa mzigo, watu wakaiacha O' au karani akaiacha mwenyewe alipoandika. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 watu wakaanza kujivunia tena lugha yao, Gaelic League, chama cha kuhuisha Kigaeli, ikaanzishwa 1893, na familia nyingi zikairudisha. Waliokuwa wameshavuka kwenda Marekani wengi wakabaki Sullivan, ndiyo maana unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja, wa Cork ni O'Sullivan na wa Boston ni Sullivan.

Na kwa kuwa una mabinti: kwa Kigaeli mwanamume ni Ó Súilleabháin, lakini binti asiyeolewa anakuwa Ní Shúilleabháin, na aliyeolewa na mwanamume wa ukoo huo ni Uí Shúilleabháin, yaani wewe hapo. Wataipenda hiyo.

Kumbukumbu:
Ngao usinunue mama. Ngao hupewa mtu, haipewi kila mwenye jina, na kwa Ayalandi kuna ofisi ya serikali ya mambo hayo iko Dublin.

Hiyo hela tumia kutafuta parokia na kitongoji, maana Beara imejaa Sullivan mpaka familia zinatofautishwa kwa majina ya utani. Daftari za parokia za Wakatoliki ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi tangu 2015, vizazi na vifo vya watu wote viliandikishwa serikalini kuanzia 1864, sensa za 1901 na 1911 nazo bure. Sensa za kabla ya hapo karibu zote hazipo, nyingine ziliungua Dublin 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na nyingine serikali yenyewe ilishaziharibu. Pengo hilo watu hulizibia na Griffith's Valuation, tathmini ya ardhi na nyumba ya 1847 hadi 1864, inaonyesha nani alikaa kitongoji gani na kwenye ardhi ya nani.

Angalia na majina ya kwanza, kule Munster Diarmuid kwenye karatasi anaweza kuwa Jeremiah au Darby, ni mtu yule yule.

MamaMapacha:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Cheti kinasema jina lake John na baba yake Daniel. Si watakuwa wengi mno?

Kumbukumbu:
Wengi sana, kwa hayo mawili peke yake hutamjua. Cheti kimetaja ukoo wa mama yake aliozaliwa nao? Daftari za ubatizo za kule kwa kawaida zinauandika, pamoja na wasimamizi wa ubatizo ambao mara nyingi ni ndugu. Ukiupata tafuta John, baba Daniel, na mama wa ukoo huo, orodha itapungua hapo hapo. Kama haumo, tafuta vyeti vya ndugu zake waliohamia Boston, huenda kimojawapo kimeutaja.