Tupeane uzoefu: ulipomshuhudia mtu habari za Yesu, nini kilikusaidia na nini kilikuponza?

Mwana wa Mwanga (mwanzisha uzi)
Wapendwa, habari za huko. Humu sitaki mahubiri, nataka visa. Naanza na changu.

Miaka ile nimeokoka moto, nilikuwa nabeba spika na betri ya pikipiki hadi Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, alfajiri, mitumbwi ikirudi. Nilijiambia watu wako wengi, nihubiri. Wengi walikuwepo kweli, lakini tazama wanachofanya saa hiyo: mvuvi hajalala usiku kucha, anashusha dagaa, mnunuzi anavuta bei chini, wanawake wanagombea beseni, jua likichelewa dagaa hawakauki. Halafu mimi napiga kelele za jehanamu pembeni. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaniita. "Mwanangu, wewe si mtu wa ziwani, sivyo? Njoo wakati wa mbalamwezi."

Sikumwelewa hadi nilipouliza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaingii majini, wanakaa nchi kavu wanashona nyavu, wanacheza bao, wanapiga soga. Nikarudi siku hizo bila spika. Mwezi wa kwanza nilishona nyavu tu (vibaya, walinicheka sana). Mwezi wa pili mmoja akaniuliza mwenyewe kwa nini niliacha pombe.

Kwa hiyo mimi nasema sifa ya kwanza ya anayeshuhudia ni kujua ratiba ya unayetaka kuongea naye. Wengine?

Mama Neema, Ujiji
Shikamooni wakubwa. Huku kwetu majirani karibu wote ni Waislamu, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta nimeishi naye mwaka wa kumi na mbili sasa. Ramadhani ananiletea futari, Krismasi nampelekea pilau, kuku nimemwachia mwanawe achinje ili wale kwa amani. Siku moja tunachambua mchele akauliza, bila ugomvi: "Mama Neema, hivi nyie mnaposema Mungu ana mwana, mnamaanisha nini hasa?"

Jamani, nilizaliwa kanisani, nimeimba kwaya, sikuwa na jibu! Nikataka kubabaisha, ila nikaona aibu ya kumdanganya mtu ninayemheshimu. Nikamwambia, "Bibi Zuhura, naamini, lakini kulieleza vizuri sijui. Nipe wiki." Nikaenda kwa mchungaji na daftari. Wiki ile nilijifunza kuliko miaka yote ya Shule ya Jumapili. Nikarudi nikamweleza kwanza tusichomaanisha, maana alidhani tunasema Mungu alioa akazaa, nami nikamwambia hata sisi tungekataa hilo.

Yeye bado anaswali msikitini na mimi bado naenda kanisani. Ila sasa maswali hayaishi, na mengine ananiuliza mbele ya wakwe zake.

Mkulima wa Urambo
Changu kifupi na kinauma. Mimi mzee wa kanisa, nikaingia duka la mangi mmoja hapa kijijini kumwalika semina ya uamsho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta daftari la madeni. "Mzee, tuanze na ukurasa huu, halafu ule wa Yesu." Mbolea, sukari, betri za tochi, vyote jina langu. Nikasema malipo ya tumbaku hayajatoka kwenye chama cha ushirika. Akasema, "Najua. Ila mwezi uliopita ulinunua redio taslimu kwa yule wa duka la pili."

Sikwenda tena hadi nimelipa. Semina ilishapita.

Askari wa Msalaba
Samahanini, naona mnapaka mafuta. Neno linasema lihubiriwe wakati ufaao na usiofaa. Tukisubiri mbalamwezi na madeni yaishe, roho ngapi zitapotea?

Mwana wa Mwanga
Ndugu yangu, soma mstari hadi mwisho, 2 Timotheo 4:2. Unamalizia na uvumilivu wote na mafundisho. Na Paulo huyohuyo alipofika Athene alizunguka mji kwanza, akaiona madhabahu ya mungu asiyejulikana, akaanzia hapo. Hakuanza na spika.

Askari wa Msalaba
Athene hawakuwa na spika 😂 Sawa, la madeni nakubali. La kusubiri bado.

Mjukuu wa Ujiji
Niongeze la historia, maana huwa napeleka wageni pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana 1871. Wengi huuliza: Livingstone, mmisionari yule, alibatiza wangapi? Anayetajwa sana ni mmoja tu, Sechele, chifu wa Wakwena kule Botswana ya leo, 1848. Tena akarudi nyuma, akamzalisha mmoja wa wake aliokuwa amewaacha, Livingstone akamzuia meza ya Bwana. Lakini Sechele aliendelea kufundisha watu wake mwenyewe, Livingstone akiwa ameshaondoka. Wanaohesabu mikono iliyoinuliwa kwenye mkutano wangemwandikia Livingstone sifuri.

Nesi wa Tabora
Mimi tatizo langu lilikuwa maneno. Kwa bibi mmoja nje kidogo ya mji nilimwaga "neema", "kuhesabiwa haki", "kuvikwa utu mpya". Akaitikia "eeh, eeh" kwa adabu ya Kinyamwezi, kisha akamwuliza mjukuu wake huyu dada anauza nini. Safari iliyofuata nilianza na "mwangaluka", salamu ya kwao, nikala michembe yake (viazi vitamu vilivyokaushwa), nikamwuliza habari za marehemu mumewe. Aliongea saa mbili. Mimi labda dakika tano. Na zile tano alizikumbuka, kwa sababu alinisimulia tena nilipopita baada ya masika.

Mama Neema, Ujiji
Dada Nesi, hiyo ya "anauza nini" nimecheka hadi mtoto kaamka.

Mwana wa Mwanga
Mwezi utakuwa mpevu wiki ijayo. Nitakuwa Kibirizi jioni na birika la chai. Askari wa Msalaba, karibu, spika iache nyumbani. Uje na vikombe, vyangu vinne tu.