Bentley Continental GT kukaa Tabora: W12 ya 2005 au V8 ya 2013?

Mwana_Unyanyembe
Wakuu, salaam. Kuna Continental GT mbili zinauzwa Dar, W12 ya 2005 (injini ya silinda 12) na V8 ya 2013 (silinda 8). Ya zamani bei yake ni ya kutamanisha kweli. Gari litashinda Tabora mjini, likienda Dar litapita Itigi na Manyoni. Ipi itahimili, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

Spana_ya_Isevya
Mkuu, hela ikitosha chukua V8. W12 ya lita 6.0 ina turbo mbili, nguvu farasi 552, inagonga 100 kwa sekunde 4.8 na mwisho wake ni 318 km/h. Tamu sana. Shida ni kwamba injini imejaa chumba chote. Mipira ya vakyumu (vijibomba vya kunyonya hewa) iliyo nyuma ya injini ikikauka kwa joto ikapasuka, taa ya injini inawaka, nguvu inapungua, na fundi hafiki pale bila kushusha injini. Mpira ni hela ndogo, kazi ndiyo itakayokumaliza.

V8 ya lita 4.0 ina farasi 500, ila mvuto wake ni Nm 660 dhidi ya 650 za W12 hiyo, na gia ni 8 badala ya 6. Ikitembea taratibu inazima silinda 4. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, injini isiyo na turbo ingepungukiwa nguvu. Hizi turbo zinafidia.

Raha ya hili gari hata hivyo si hiyo 318. Ni kushuka Dar mgongo hauumi.

Shokapu_za_Upepo
Naongezea: sasupensheni ni ya upepo, kwenye zote mbili. Kabla ya kulipa fanya hivi. Egesha jioni mahali tambarare, chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya kila rimu hadi ukingo wa madgadi, uandike. Asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Kona iliyoshuka inavuja. Ipulizie maji ya sabuni uone mapovu yanatokea wapi.

Usikubali kuambiwa "ni kompresa tu", yaani pampu inayojaza upepo kwenye shokapu. Mara nyingi kompresa imeungua kwa sababu inafanya kazi muda wote kufidia uvujaji. Ukifunga mpya ukaacha shokapu inayovuja, nayo itaungua. Shokapu kwanza, kompresa baadaye, na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) ubadilishe siku hiyo hiyo.

Mwana_Unyanyembe
Shukrani wakuu. Kuegesha chini ya mwembe kuna neno? Na matairi?

Spana_ya_Isevya
Lipo, tena kubwa. Majani yanajikusanya chini ya kioo cha mbele, yanaziba matundu ya kutolea maji. Mvua za masika maji yanaingia ndani, yanalowesha zulia na vifaa vya umeme vilivyo chini yake. Fungua boneti, ingiza vidole pembeni, toa majani, kisha mwaga maji kidogo uone kama yanatoka chini ya gari. Unapokagua la kununua, bonyeza zulia la abiria kwa nguvu: likiwa na unyevu, ondoka.

Betri ziko mbili, ndani ya buti, moja ya kuwashia na nyingine ya mifumo mingine. Gari likikaa bila kutembea, lichomeke chaja ya kutunza betri. Umeme ukishuka utaletewa makosa ya uongo kwenye dashibodi, na fundi asiyejua atakubadilishia vifaa vizima.

Shokapu_za_Upepo
Matairi: W12 hiyo ilitoka na 275/40 R19, na wengi wamefunga 275/35 R20 kwa urembo. Rudisha 19, ukuta mnene unaokoa rimu kwenye mashimo. V8 inaanzia inchi 20, usipande 21. Badilisha yote manne pamoja, maana gari linavuta magurudumu yote, na matairi yaliyotofautiana kulika yanachosha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Matuta yale ya vijijini, nyanyua gari kwa kitufe cha sasupensheni ukiwa bado hujayafikia. Lina zaidi ya tani 2, likigonga chini linagonga kweli. Tangi la W12 ni lita 90 na inakula kama lita 17 kwa kilomita 100, kwa hiyo jaza Dodoma, usisubiri Itigi.