Kikundi cha Familia: Goti la Baba

Dada Mkubwa, Jumapili saa 1:40 jioni
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Ninaandika kwa mara ya tatu tangu jana, na kati yetu watu 14 waliojibu ni wawili tu. Majibu ya kipimo yametoka. Majimaji yaliyovutwa kwenye goti la Baba yameotesha bakteria waitwao stafilokokasi, aina ile ile ya mwaka jana, na dawa tuliyotumia wakati ule bado inawaua kule maabara. Hata hivyo daktari anasema dawa peke yake haitatosha. Anataka kulitoa goti la bandia, kumtibu Baba kwa majuma kadhaa, kisha amwekee jingine. Anahitaji jibu kabla ya Jumatano saa 4 asubuhi. Naomba kila mtu aandike kama anakubali, na aseme ni siku ipi kati ya zile tano za kwanza atakaa na Baba wodini.

Wifi, saa 1:58
Nimeona, wifi. Ninamsubiri mume wangu aingie.

Kaka, saa 2:25 usiku
Dada, kuna jambo silielewi. Kama dawa ile bado inawaua, kwa nini mzee akatwe tena? Apewe dawa hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi, na safari hii asimamiwe na mtu mnayemwamini, kwa kuwa mara ya kwanza tunajua ni nani aliyebebeshwa lawama.

Dada Mkubwa, saa 2:41
Mdogo wangu, maabara huwajaribu bakteria wanaoelea na kuzaana kwa kasi, ilhali waliomo gotini mwa Baba hawaishi hivyo. Wamejishikiza kwenye chuma na plastiki, wakatoa ute, wakajifunika nao kwa matabaka. Walio juu wanapata lishe na hewa. Walio chini karibu hawakui kabisa. Penisilini na jamaa zake huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli, kwa hiyo seli iliyoacha kujenga haina cha kuvurugwa. Wakiwa ndani ya utando wa namna hiyo, bakteria wanaweza kustahimili dawa mara mia, pengine hata mara elfu, ya ile inayowaua wakielea. Kipimo kikubwa kiasi hicho kingemuumiza Baba kabla hakijawafikia wao.

Tena wanasemezana. Kila stafilokokasi hutoa nje kipande kidogo cha protini chenye umbo la kitanzi, na juu ya ngozi yake ana kipokezi cha kukitambua kitanzi hicho. Wakiwa wachache vitanzi hutawanyika na kupotea. Wakiwa wengi mahali finyu vinajazana, vipokezi vinaitika, na jeni nyingi zinabadilisha kazi kwa pamoja. Hapo ndipo wanapoanza kutoa sumu na vimeng'enya vya kumeng'enya nyama ya mwili, na baadhi yao huachia utando na kwenda kutafuta makao mapya. Wanasayansi huliita jambo hili kuhisi akidi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1994, ingawa jambo lenyewe lilikwisha kuonekana mwaka 1970 kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga.

Kitinda Mimba, saa 2:49
Kumbe vijidudu hutimiza akidi! Sisi hapa hatujaitimiza tangu kikundi hiki kiundwe.

Binamu, saa 2:50
Nimecheka hadi watu wamegeuka kuniangalia. Dada, hebu tueleze kuhusu hao wanaotoa mwanga baharini.

Dada Mkubwa, saa 2:56
Nitaeleza kwa ufupi, halafu turudi kwenye goti. Kule Hawaii yuko ngisi mdogo sana anayewafuga tumboni, ndani ya kiungo maalumu. Usiku wanapokuwa wamesongamana huwaka, na mwanga wao unaofanana na ule wa mwezi unakificha kivuli chake kisionwe na maadui walio chini. Alfajiri huwatema wengi wao, na mchana mzima wale wachache waliobaki huzaana hadi watimie tena. Bakteria mmoja peke yake katikati ya bahari hawaki, maana hakuna wa kumwitikia.

Sasa naomba majibu. Kitinda Mimba, utakaa na Baba siku gani?

Kitinda Mimba, saa 3:02
Na stafilokokasi wote wanaelewana, au wana lahaja?

Dada Mkubwa, saa 3:05
Wako katika makundi manne, na mara nyingi kitanzi cha kundi moja hukizima kipokezi cha kundi jingine. Wako watafiti wanaotafuta dawa kwa njia hiyo, yaani dawa isiyoua bali inayokata mazungumzo. Hujajibu swali langu.

Baba Mdogo, saa 3:14
Wanangu, niko hapa kwa kaka yangu na ninamsomea kila mnachoandika. Amenyoosha mguu juu ya kiti. Goti limevimba hadi ngozi inang'aa, na ukiligusa kwa mgongo wa kiganja joto lake si la kawaida. Anauliza jambo moja. Ikiwa bakteria hao wote wametoka kwa mzazi mmoja, kwa nini mmoja alale na mwenzake awe macho?

Dada Mkubwa, saa 3:30
Shikamoo, Baba Mdogo. Mwambie Baba ameuliza jambo ambalo watu wamelisumbukia miaka mingi. Mwaka 2002 watafiti huko Marekani waliweka ndani ya E. coli, bakteria wa utumbo, jeni mbili za kung'aa, kila moja na rangi yake, zote zikiwashwa na swichi za aina moja. Kama kila kitu kingekwenda kwa mpango mmoja, kila seli ingeng'aa rangi zote mbili kwa kiasi sawa. Haikuwa hivyo: seli moja ilizidi rangi hii na jirani yake akazidi ile. Ndani ya seli molekuli za kuwasha jeni ni chache, na zikiwa chache bahati inakuwa na nguvu. Mwaka 2004 wengine waliwakuza bakteria kwenye mifereji myembamba chini ya hadubini, wakawapiga picha kabla ya kuwawekea dawa na baada yake. Wengi wa walionusurika walikuwa tayari wanakua polepole kabla dawa haijafika.

Hao si sugu. Mwaka 1944 daktari Joseph Bigger wa Dublin aliwatilia penisilini stafilokokasi, akaona kama mmoja katika kila milioni anabaki hai. Alipowaotesha waliobaki, wajukuu wao walikufa kwa penisilini ile ile kama mababu zao. Walikuwa wamelala tu, na dawa ikiondoka mmoja mmoja huamka kwa wakati wake.

Kaka, saa 3:44
Kwa hiyo hata kama Baba angemeza kila kidonge kwa saa yake, goti lingeweza kurudi hivi hivi?

Dada Mkubwa, saa 3:47
Ndiyo, lingeweza. Kukosa dozi ni hatari na hatutakosa hata moja safari hii, lakini kwenye goti la bandia ugonjwa unaweza kurudi hata kwa mgonjwa asiyekosa dozi.

Kaka, saa 3:49
Basi yale ya lile sanduku la dawa uliyaandika ya nini, tena humu humu?

Wifi, saa 3:50
Baba watoto, tafadhali.

Binamu, saa 3:52
Jamani, daktari amesema upasuaji utachukua saa ngapi?

Shangazi, saa 4:10
Nimesoma yote tangu mwanzo. Mwaka mzima kijana huyu hajakanyaga kwa baba yake wakati dada yake akiwapo, na sisi wakubwa tukanyamaza tukidhani yataisha yenyewe. Wewe binti ni msomi na leo umetufundisha vizuri. Lakini siku ile ulimwambia ndugu yako mbele ya watu 14 kwamba amemrudisha baba yake kitandani kwa uzembe. Uliyasemea hapa, na hapa hapa ndipo utakapomwomba radhi. Ya hospitali tutayazungumza baadaye.

Dada Mkubwa, saa 4:31
Nimekusikia, Shangazi. Mdogo wangu, siku ile nilihesabu vidonge vilivyobaki sandukuni, nikaona vitatu vimezidi, nikaandika kabla sijafikiri. Haya niliyoeleza leo nilikuwa nimekwisha kuyasoma wakati ule, lakini hasira ilinifanya niyasahau. Sina haki ya kusema ni vidonge vitatu vilivyolirudisha goti la Baba. Nisamehe.

Kaka, saa 4:46
Nimesoma.

Baba Mdogo, saa 4:52
Nimemsomea na hayo. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema yuko tayari kufunguliwa. Lakini kabla ya kutia sahihi anataka kuzungumza mwenyewe na daktari, amuulize ni dawa ipi itakayowafikia waliolala, na goti jipya litalindwaje wasijishikize tena.

Dada Mkubwa, saa 4:58
Nitampigia daktari kesho asubuhi nimwombe azungumze naye. Siku ya kwanza na ya pili nitakuwa wodini mimi. Wifi, umeniandikia pembeni kwamba ya tatu utakaa wewe, nami nakushukuru. Ya nne na ya tano hazina mtu, na watu wanane hawajaandika kama wanakubali.

Kitinda Mimba, saa 5:03
Ninakubali upasuaji. Kuhusu siku, nitaangalia ratiba yangu.

Kaka, saa 5:20
Ya nne huenda nikaweza. Nitajibu kesho nikitoka kazini.