Naomba ushauri: bosi Mmarekani akisema "table" anamaanisha nini hasa?

Mpwapwa Kwetu: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za Jumamosi. Nina swali la Kiingereza na nahitaji jibu kabla ya Jumatatu asubuhi. Nafanya kazi kwenye shirika dogo la maji hapa Dodoma. Bosi wetu ni Mmarekani, yuko kwao likizo. Jumanne nilimwandikia kuhusu mpango wa kuchimba kisima kijiji fulani, akajibu mstari mmoja: "Let's table it." Mimi nikaelewa tuulete mezani. Leo mwenzangu kaniambia huenda nimeelewa kinyume. Mwenye uhakika anisaidie, tangu asubuhi chakula hakipiti.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba mwanangu. Kula, hujakosea. Kiingereza chetu tulikipata kwa Mwingereza, na kwake "to table" ni kuweka hoja mezani ijadiliwe. Hapo hapo Dodoma, Bungeni, si unasikia "hati za kuwasilisha mezani"? Zinaletwa zifanyiwe kazi, hazipelekwi kulala. Maneno mafupi ndiyo yenye mambo mengi. Kamusi kubwa ya Oxford ya mwaka 1989 imelipa neno "set" maana zaidi ya 400. Na sisi je? Paa yuko porini, paa liko juu ya nyumba, ndege anapaa, na samaki tunampaa magamba. Nikiwa Pangani niliwaambia watoto wa darasa la tano waniletee maana za "kaa". Mmoja kesho yake akanijia na kaa mzima mzima, hai, ndani ya mfuko wa madaftari. Darasa zima juu ya madawati. Yule kijana leo ni nahodha.

Dada wa Minnesota: Mwalimu shikamoo, ila kwa Mmarekani mambo yamegeuka. Huku niliko, kwenye kikao cha wazazi wa shule, mtu akisema "table" anataka jambo liwekwe pembeni. Mwaka wangu wa kwanza nilipendekeza chakula cha mchana kiongezwe matunda, mama mmoja akasema tui-table, nikamshukuru mbele ya watu kwa kuniunga mkono. Kumbe ndiyo nimezikwa. Mleta uzi, bosi wako alikuambia subiri.

Mla Historia: Dada yuko sahihi. Churchill ameeleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa wa Uingereza na Marekani walibishana kwa muda mrefu, tena kwa hasira, kwa neno hilo hilo. Waingereza walitaka waraka u-"tablewe" kwa sababu ni wa haraka, Wamarekani wakakataa kata kata kwa sababu ni wa muhimu. Wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Kijana wa Majengo: Yaani meza moja, huyu anailia, yule anailalia. Mkuu, ungemuuliza kwanza ni meza ipi.

Mhasibu Mtulivu: Mleta uzi, kwa nini kabla ya Jumatatu? Kama ni mpango wa kujadili tu, chakula kinakukwama kwa lipi?

Mpwapwa Kwetu: Ni ratiba za ofisi tu, mkuu. Mimi nataka kujua neno.

Mhasibu Mtulivu: Umelipa?

Mpwapwa Kwetu: Nimemlipa mchimbaji malipo ya awali, milioni 9. Jumatatu anaanza kazi. Lakini nielewe, mkuu. Kijiji kile akina mama wanaamka saa nane usiku kufuata maji ya kuchimbua kwenye mchanga wa korongo. Mama yangu alinilea hivyo hivyo. Na barua pepe ninayo, neno lenye maana mbili kalitumia yeye. Nimeshaandaa maelezo kwamba kwa Kiingereza tulichosoma sisi hiyo ni ruhusa. Mwalimu hapo juu amethibitisha.

Mwalimu Mstaafu: Hapana mwanangu, usinitie humo. Nilisema kuleta mezani.

Mhasibu Mtulivu: Ndicho nilichokuwa nangoja. Chukua maana ya Mwingereza, uache ya Mmarekani. Kuleta mezani ni kujadili. Mlikaa lini, nani alikuwepo, muhtasari uko wapi? Kwa maana zote mbili hukuruhusiwa kulipa.

Mama Wawili: Jamani mnamsema sana. Maji ni uhai. Mimi nimezaa wa kwanza kituo cha afya hakina maji, mama mkwe alibeba ndoo kutoka nyumbani. Mwache achimbe, hao wazungu watamwelewa.

Haambiliki: Mama, usilie bure, hii ni chai. Mashirika mengi ya wafadhili malipo makubwa hivyo yanataka saini mbili. Bosi yuko Marekani, saini ya pili kaipata wapi? Mleta uzi katunga kisa ili tujadili Kiingereza. Moderata, peleka uzi jukwaa la lugha.

Dada wa Minnesota: Hata mimi hapo kwenye saini nimeanza kusita.

Kijana wa Majengo: Chai yenyewe haina tangawizi.

Mpwapwa Kwetu: Siyo chai. Nasema kweli, na sina wa kumwambia nyumbani. Kabla ya kuondoka bosi aliniachia hundi tatu amezisaini tayari, hazina jina wala kiasi. Alisema ni za dharura. Nimetumia moja.

Haambiliki: Basi nisamehe, ndugu yangu. Sikujua.

Mhasibu Mtulivu: Sasa ndiyo umeuleta uzi wenyewe. Futa yale maelezo ya Kiingereza, ukiyatuma utaonekana ulijipanga. Mpigie leo, kwa sauti, umwambie hundi kwanza halafu kisima. Naye ana kosa la kusaini karatasi tupu, analijua, ila usimtajie wewe. Hizo mbili zilizobaki zifungie kwenye sefu mbele ya shahidi. Na mchimbaji asimamishwe sasa hivi.

Dada wa Minnesota: Huku bado asubuhi. Piga, atakuwa ameamka.

Mpwapwa Kwetu: Nimeanza na mchimbaji. Anasema mtambo uliondoka jana, umeshaingia kijijini. Mwenyekiti kanitumia picha, wamefyeka njia ya gari kuanzia barabarani mpaka korongoni, watoto wamekaa juu ya mabomba. Naongeza salio nimpigie bosi.