Dansa wa mtaani adaiwe cheti?

MWANZISHA MADA
Wakuu, tuongee hili la Ufaransa. Tangu 1989 sheria ya huko inataka anayefundisha ballet, jazi au dansi ya kisasa kwa malipo awe na diploma ya serikali. Hip hop haikuguswa. Mwaka 2024 Bunge la Taifa likapitisha muswada wa kuitambua na kuiwekea utaratibu hata dansi iliyokuwa nje ya mfumo huo, na madansa wengi wa hip hop wakaja juu.

Mimi niko upande wao. Watunzi wa dansi ya hip hop Kader Attou na Mourad Merzouki walikulia pembezoni mwa Lyon, wakaanza na sarakasi na dansi ya mtaani. Diploma ya hip hop haikuwepo. Mwaka 2008 Attou akakabidhiwa kituo cha taifa cha koreografia (utunzi wa dansi) cha La Rochelle. Mwaka uliofuata Merzouki akapewa cha Créteil. Yaani serikali yenyewe iliwapa funguo watu ambao mtaa ndio uliowafunza kutunga.

Na msiniambie dansa hajui muziki. Bronx, New York, 1973, hip hop ikizaliwa, DJ Kool Herc aliona watu wanasubiri kile kipande ambacho sauti na vinanda vinanyamaza, ngoma inabaki peke yake. Akachukua santuri mbili zilezile, hiki kikiisha huku anakirudia kule, kipande kikawa kirefu. Miguu ya wachezaji ndiyo iliyomfundisha DJ kazi. Hadi leo, kwenye mapambano ya dansi dansa hachagui wimbo, na mashindano ya breaking (dansi ya hip hop) kwenye Olimpiki ya Paris 2024 yalikuwa hivyohivyo: unabuni hatua papo hapo, na kuusikiliza muziki kilikuwa kimoja kati ya vigezo vitano vya majaji. Mtu wa namna hiyo akitaka kutunga muziki, nusu ya safari ameshaimaliza.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, umetaja wawili waliofika. Waliovunjika magoti njiani mbona huwataji? Diploma ya hizo dansi tatu ina somo la mwili wa binadamu, historia ya dansi, na muziki pia. Mtoto wa miaka minane anafundishwa kuzunguka kwa kichwa na mtu asiyejua shingo imeundwaje, halafu tunaita uhuru wa sanaa? Mimi mwanangu simpeleki.

MCHANGIAJI WA PILI
Mnachanganya mambo. Hiyo diploma ni ya kufundisha. Kutunga onyesho hakuna anayekudai karatasi.

MWANZISHA MADA
Wa pili, kwenye sheria uko sahihi. Kwenye maisha hapana. Dansa anayetunga kazi yake ya kwanza anakula nini? Mazoezi ya miezi kadhaa hayalipwi, ukumbi unalipiwa, na wenzake watatu nao wana njaa. Anafundisha jioni, hela ya darasa ndiyo inayobeba onyesho. Ukimfungia darasa umemfungia na jukwaa, bila sheria kutaja neno kutunga hata mara moja. Atakayebaki ni mwenye wazazi wa kumlipia masomo.

La shingo nakubali, wala sitabishana. Kozi ya usalama wa mwili na huduma ya kwanza iwe lazima kwa kila anayefundisha watoto, hata akiwa bingwa wa dunia.

MCHANGIAJI WA TATU
Niongeze la muziki. Kwenye duara la madansa mtaani unachezea wimbo wa mtu na hakuna anayekuuliza. Ukipanda jukwaani na kuuza tiketi, haki za wimbo zinalipiwa. Na wimbo wa dakika nne haukubebei onyesho la saa nzima: unataka mahali pa ukimya, mahali mapigo yanaburuta, na wimbo wa klabu haukuandikiwa hayo. Hapo ndipo dansa anapojikuta anatengeneza muziki mwenyewe. Au anatafuta mwenzake: kundi la dansi ya hip hop la Boy Blue la London, lililoanza 2001, Michael Asante anatunga muziki na Kenrick Sandy anatunga dansi. Nota wanazofundisha kwenye diploma zingemsaidia dansa kuzungumza na wapiga vyombo. Nani aliwahi kudhurika kwa kujua kusoma nota?

MWANZISHA MADA
Hakuna. Azisome tu, tena asome sana. Ninachokataa ni kuzifanya geti. Na wa kwanza hujanijibu: siku ya mtihani wa hip hop, kwenye kiti cha mtahini atakaa nani, na yeye cheti alipewa na nani?