Mjadala: Je, timu ya mtaa ikope ili ipande daraja?

Mkaazi wa Mkomani
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Kamati ya timu yetu ya hapa Lamu imepitisha, kwa kura nne dhidi ya tatu, kwamba tuchukue mkopo wa shilingi 800,000 kutoka chama cha akiba na mikopo ili timu icheze ligi ya mkoa msimu ujao. Gharama zenyewe mnazijua: mechi moja ya ugenini Mombasa ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, pamoja na malazi na chakula cha watu ishirini na watatu. Deni litalipwa kwa viingilio, na kwa ada ya mchezaji mmoja au wawili watakaochukuliwa na timu kubwa. Wapo wanaosema mkopo ni balaa. Mimi nauliza: Arsenal walikopa mamilioni ya pauni wakajenga uwanja uliofunguliwa mwaka wa 2006, na mpaka leo wamesimama. Kwa nini sisi tuogope? Naomba hoja, si matusi. Na wale waliotuachia deni la jezi miaka ile wasije hapa kutufundisha uchumi.

Mlinda Lango wa Zamani
Wa alaykumu salaam. Kabla ya kufika Arsenal, tuanze na hizo jezi, kwa sababu naona nimetajwa bila ya kutajwa. Zilikuwa jezi kumi na nane, zilishonwa na fundi wa hapa hapa mjini, na zilichujuka rangi kwenye mvua ya kwanza hata tukatoka uwanjani migongo imekuwa ya buluu. Fundi alidai, nasi tulilipa; mimi binafsi niliuza mbuzi wawili. Aliyevaa namba kumi siku ile hakuchanga hata senti moja, na leo yumo kwenye kamati na amepiga kura ya kukopa. Nikiwa nimelipa deni la timu kwa mbuzi wangu, nadhani nina haki ya kuuliza safari hii watauzwa mbuzi wa nani.

Mkaazi wa Mkomani
Mzee wangu, sikukutaja wewe.

Mlinda Lango wa Zamani
Basi nitajie uliyemkusudia.

Maalim Mstaafu
Tuziache jezi zikauke. Mfano wa Arsenal haumfai aliyeuleta. Arsenal walikopa ili wapate kitu kinachozaa: kutoka uwanja wao wa zamani wa Highbury, uliokuwa na viti kama 38,000, hadi uwanja wa watu 60,000, na kila kiti kilichoongezeka kililipiwa tiketi. Hata hivyo walikaa tangu kombe la mwaka wa 2005 hadi lile la mwaka wa 2014 bila ya kushika kitu mkononi, huku nyota wao wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Hilo ni deni lililokwenda vizuri.

Anayestahili kutazamwa na kamati yetu ni Leeds United. Mwaka wa 2001 klabu ile ilikopa pauni milioni 60, ikaweka rehani mapato ya tiketi za miaka ipatayo 25 iliyokuwa mbele yake, yaani tiketi za watu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa. Pesa zikaingia kwenye usajili na mishahara. Mpango wote ulisimama juu ya sharti moja, kwamba timu ingecheza Ligi ya Mabingwa kila mwaka. Mwaka ule ule walifika nusu fainali wakatolewa na Valencia, na kwenye ligi ya nyumbani wakamaliza wa nne, nyuma ya Liverpool kwa pointi moja tu. Nafasi ya Ligi ya Mabingwa ikawaponyoka, lakini tarehe ya kulipa haikusogea. Mwaka wa 2004 walishuka daraja, na mwaka huo huo wakauza uwanja wao wa Elland Road.

Sisi tumesomeshwa tangu chuo cha Qur'ani kwamba samaki aliye baharini hauzwi. Leeds waliuza samaki aliye baharini.

Kijana wa Langoni
Maalim, kwa heshima zote, Leeds hawakuangushwa na mkopo, bali na mwenyekiti aliyekuwa na samaki wa mapambo wa kukodi ofisini mwake. Jambo hilo liliandikwa magazetini na kila mtu analijua. Kamati yetu haina ofisi, sembuse samaki. Tena tumesahau kwamba tunaye mdhamini: mwenye hoteli moja ya Shela ameahidi kuisimamia timu msimu mzima. Hofu hii yote ni ya nini?

Maalim Mstaafu
Mwanangu, samaki wale walikuwa kichekesho, na kichekesho ndicho kinachokumbukwa. Kodi ya samaki kwa mwaka mzima isingelipa mshahara wa mchezaji mmoja kwa siku moja. Watu waliwacheka samaki kwa sababu deni lenyewe lilikuwa kubwa mno kuchekwa.

Na kwa kuwa mmetegemea ada za wachezaji, tazama hili. Leeds walimnunua Rio Ferdinand mwaka wa 2000 kwa pauni milioni 18, na mwaka wa 2002 wakamuuza kwa Manchester United kwa karibu milioni 30. Hiyo ni faida ambayo mfanyabiashara yeyote angeiombea dua, lakini haikuwaokoa. Anayeuza kwa sababu anadaiwa huuza kile ambacho kingemletea mapato ya kesho. Sisi tuna mshambuliaji mmoja wa maana. Akiuzwa mwezi wa Januari, viingilio vya Februari vitalipwa na nani, na wamtazame nani?

Mkaa Barazani
Mnazunguka Uingereza na ilhali jambo liko miguuni mwenu. Chama hicho kinatoza riba au hakitozi?

Mkaazi wa Mkomani
Hakitozi riba. Kinatoza ada ya huduma.

Mkaa Barazani
Kubadilisha jina la jahazi hakuzibi tundu lake. Ada hiyo huongezeka ukichelewa kulipa, au haiongezeki?

Kijana wa Langoni
Tusifanye kila mjadala kuwa darasa la fikihi, la sheria za dini. Barcelona hawakukopa kwa riba mwaka wa 2022, bali waliuza robo ya mapato yao ya televisheni ya ligi kwa miaka 25, wakapata pesa taslimu, wakasajili. Ni mauzo ya halali, mnunuzi na muuzaji wameridhiana.

Mkaa Barazani
Umejibu swali la Barcelona, ambalo sikuuliza.

Maalim Mstaafu
Na Barcelona nao ungewasimulia tangu mwanzo. Mwaka mmoja kabla ya mauzo hayo rais wao alitangaza deni la euro bilioni 1.35, na mwezi huo huo Messi aliondoka akilia mbele ya waandishi wa habari, kwa kuwa hesabu za klabu hazikuruhusu aandikishwe upya. Ukiuza robo ya mavuno ya miaka 25 ili ule mwaka huu, huitwi mdaiwa, ni kweli. Lakini miaka ile ishirini na minne iliyobaki utakula robo tatu.

Shabiki wa Old Trafford
Mimi nimekaa kimya, ila leo asubuhi mjumbe mmoja wa kamati amesema pale Mkunguni kwamba hata Manchester United wana deni na wanaishi raha mustarehe. Naomba maneno hayo yafutwe. Deni lile halikukopwa na mashabiki wala halikujenga kitu. Klabu ilikuwa haina deni mpaka mwaka wa 2005, ilipokuja familia ya Glazer na kuinunua kwa pauni zipatazo milioni 790, sehemu kubwa ikiwa ni pesa za kukopa, kisha deni la kununulia likawekwa juu ya klabu yenyewe iliyonunuliwa. Ni sawa na mtu kununua punda wako kwa mkopo, halafu akambebesha punda kazi ya kulipa bei yake mwenyewe. Baadhi ya wenzetu kule walichukia hata wakaanzisha timu yao nyingine mwaka huo huo. Basi msitutaje kama mfano wa raha.

Mlinda Lango wa Zamani
Punda huyo namjua. Watu wanne wamepiga kura, mtaa mzima utabeba.

Mkaazi wa Mkomani
Naona tunageuza jambo la maendeleo kuwa kesi. Nimesema tunaye mdhamini.

Mweka Daftari
Assalamu alaykum. Mimi si mtu wa mpira, lakini nimeshika daftari la chama chetu cha akina mama kwa miaka kumi na moja, na kuna neno hapa linanikera. Mnasema "mdhamini" kana kwamba ni mtu mmoja, nao ni watu wawili. Mdhamini wa kwanza ni yule anayeandikwa kifuani mwa jezi: hutoa akipenda, na akichoka huondoka, wala hana kosa. Mdhamini wa pili ni yule anayetia saini kwenye fomu ya mkopo: mkopaji akishindwa, yeye hulipa, apende asipende. Huyo mwenye hoteli ya Shela ni yupi kati ya hao wawili?

Kijana wa Langoni
Ni mdhamini, bibie. Ametoa jezi na mipira minne.

Mweka Daftari
Basi ni wa kwanza. Msimwandike kwenye hesabu za kulipa deni.

Kijana wa Langoni
Mtu mwenye nia njema haondoki ovyo. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilizibeba klabu za Gor Mahia na AFC Leopards kwa miaka.

Shabiki wa Old Trafford
Iliwabeba, kisha ikawashusha. Nakumbuka ilikuwa mwaka wa 2018, kwa sababu ya kodi.

Mkaa Barazani
Mwaka wa 2018 ilikuwa mara ya kwanza, kodi ya michezo ya bahati nasibu ilipopandishwa hadi asilimia 35, baadaye wakarudi. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 2019, leseni ilipokwama serikalini, na safari hiyo Gor Mahia, waliokuwa mabingwa wa nchi, wakabaki kutafuta mishahara ya wachezaji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mdhamini wa jezi hafungwi na deni lenu.

Nahodha wa Kusi
Mimi ni mvuvi na nitasema ninalolijua. Marehemu ami yangu alichukua mashine ya boti kwa tajiri, kwa masharti kwamba samaki wote atamuuzia yeye mpaka deni liishe. Kila alfajiri tukipweleza, kijana wa tajiri alikuwa amekwisha kutundika mizani juu ya mwambao. Samaki aina ya changu alimpokea kwa bei yake, pungufu kuliko ya sokoni, akaandika kwenye kidaftari chenye jalada jekundu, na ami akatia dole gumba kwa sababu hakujua kusoma. Upepo wa kaskazi ulipovuma ilikuwa nafuu. Ilipoingia kusi, bahari ikachafuka, tukakaa wiki tatu bila ya kutoka, na kidaftari hakikukaa. Ilibidi aongezewe mkopo wa unga na mafuta ya taa juu ya mkopo wa mashine. Alikaa miaka sita na mashine ile, na ilipokufa ilikuwa bado si yake.

Sasa nauliza kamati: huo mkopo unalipwa kila mwezi, sivyo? Msimu wa ligi unaingia mpaka kusi, na nusu ya watu wanaolipa kiingilio ni wavuvi. Wakati huo hakuna mwenye shilingi hamsini ya kutazama mpira. Halafu kiwanja chetu hakina ukuta. Mimi mwenyewe hutazama nikiwa juu ya tuta upande wa mnazi, na sijawahi kulipa.

Mkaazi wa Mkomani
Nahodha, unakiri hadharani kwamba unaiibia timu?

Nahodha wa Kusi
Nakiri kwamba ninatazama. Wizi ungekuwepo kama kungekuwa na mlango.

Kijana wa Langoni
Kuna watu arobaini juu ya lile tuta kila Ijumaa. Wangelipa wote, tusingekuwa na mjadala huu.

Nahodha wa Kusi
Jengeni ukuta, tutalipa. Mkikopa kwa ajili ya ukuta, mimi nitaunga mkono, maana huo ni kama uwanja wa Arsenal wa Maalim. Mnakopa kwa ajili ya nauli, na nauli ikishaliwa hairudi.

Maalim Mstaafu
Tuta lile ni la wakfu, na limetumika tangu sisi wadogo. Nisingependa lizungushiwe ukuta.

Mlinda Lango wa Zamani
Si la wakfu lote. Upande wa mnazi ni wa watu.

Mweka Daftari
Mtaligawa tuta hilo siku nyingine. Nimeiona fomu ya chama hicho, kwa sababu sisi tuliwahi kuijaza. Mkopo wa kikundi hautiwi saini na "timu". Unatiwa saini na watu watatu walioandikwa kwenye cheti cha usajili, na kikundi kikishindwa, wanaotafutwa ni hao, nyumbani kwao, kwa majina yao. Portsmouth walichukua Kombe la FA mwaka wa 2008 wakiwa na deni, wakapokonywa pointi tisa mwaka wa 2010, na ilipofika mwaka wa 2013 walioikomboa klabu ni mashabiki wenyewe kwa michango yao, timu ikiwa imekwisha kuporomoka mpaka daraja la nne. Kule mashabiki walikuwa maelfu. Hapa ni watu watatu. Naomba mwenyekiti aniambie ni akina nani, na kama wameulizwa.

Mkaazi wa Mkomani
Ni viongozi. Wanajulikana.

Mweka Daftari
Majina, mwanangu. Mimi nimeshika daftari, na kwenye daftari hakuandikwi "viongozi".

Mkaazi wa Mkomani
Cheti kiko kwa katibu. Amesafiri Faza, atarudi Jumatatu.

Mlinda Lango wa Zamani
Cheti mimi ninayo nakala yake, niliitoa siku ya deni la jezi. Kina majina matatu. La kwanza ni langu, na sijaulizwa. La pili ni la bwana mmoja aliyehamia Oman. La tatu ni la mzee wetu tuliyemzika mwezi wa Rajabu mwaka juzi, Mungu amrehemu.

Mweka Daftari
Amin. Basi kati ya wanaodhamini shilingi 800,000, aliye hai na aliye karibu ni wewe peke yako. Mbuzi umebakiwa nao wangapi?