Fundi wa studio, umemliza dada yangu bure. Kosa lilikuwa lako!

Bandugu, niko Katuba, Lubumbashi, sijalala na nina hasira. Anayetaka kuniambia "weka otochuni tu" (ile programu inayovuta sauti ya mwimbaji hadi kwenye noti) asijisumbue kuandika.

Tulirekodi wimbo wa korali, dakika 4, kwenye tonalite ya sol, yaani noti sol ndiyo nyumbani kwa wimbo. Klavye na sauti tulirekodia kwa fundi mmoja wa hapa mjini mwenye studio chumbani, gitaa mbili nyumbani kwetu, besi kwa rafiki yetu Kamalondo. Dola 60, tumelipa zote. Ijumaa anatuletea kazi: unasikia bendi tatu zimekodi ukumbi mmoja na kila moja inapiga ya kwake. Kumuuliza, anajibu bila haya: "Mpiga besi wenu hajui tonalite, na huyu mama anaimba chini." Dada amesimama hapo hapo. Miaka kumi na miwili ndiye anayetoa sauti kwenye korali! Akachukua mkoba wake, akatoka. Nilimkuta nje anafuta macho.

Nikadai faili zote kwenye fleshi. Umeme uliporudi usiku nikazifungua kwenye REAPER, programu ya kuhariri sauti, moja moja.

Besi kwanza. Rafiki yetu alirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani kompyuta inaipima sauti mara 48,000 kila sekunde. Projekti ya fundi iko 44,100. Programu nyingi hubadilisha zenyewe. Yeye faili ikaingia hivyo hivyo, ikasomwa polepole. Dakika 4 zikawa 4 na sekunde 21, na sauti ikashuka karibu nusu toni moja na nusu (nusu toni ni kutoka kitufe kimoja cha klavye hadi kile cha jirani yake). Yaani sol imeangukia katikati ya fa na fa diyezi, mahali ambapo klavye haina hata kitufe! Sasa mtu wa kazi akiona besi ndefu kuliko wimbo si angejiuliza? Huyu akaibana irudi dakika 4, akaipandisha nusu toni moja, iliyobaki akamwachia mpiga besi kama dhambi yake. Mimi nimechukua faili ya mwanzo, nikaisoma kwa 48,000. Basi. Besi safi, haijakosea noti hata moja.

Klavye ndiyo iliyonimaliza. Nilichukua la moja ya klavye nikaiweka juu ya la ya gitaa, ile ya kamba ya kwanza, frete ya 5, ambayo ni 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Wuu-wuu-wuu, sauti inavimba na kunywea mara sita kila sekunde. Sita! Maana yake zimeachana mitetemo sita: klavye iko 446 au 434. Nikampigia. Kimya kidogo, halafu: "Aa, nilipiga na saksofoni juzi." Joto la Oktoba hapa mnalijua, saksofoni ikipata joto inapanda, naye akaipandisha klavye kuifuata, hakuirudisha. Basi ni 446. Sisi gitaa tumezikaza kwa aplikesheni ya simu, 440, kabla ya kila kurekodi, kwa sababu nyuzi zenyewe joto huzilegeza. Kutuuliza "la yenu ni ngapi?" kungemgharimu nini? Hata ujumbe wa sauti kwenye simu hakutuma!

Dada aliimba akifuata klavye kwenye kaske za masikioni, kwa hiyo alikuwa 446 pamoja nayo, sawasawa kabisa. Halafu fundi akapitisha otochuni iliyowekwa 440, ikamvuta chini, klavye ikabaki juu peke yake. Ndipo akasema dada anaimba chini.

Nimeishusha treki nzima ya klavye senti 23 (nusu toni ina senti 100). Gitaa, besi, klavye, sauti, vyote vimekaa. Na hapo, kwa kuwa fujo imeisha, ndipo nikausikia uharibifu wenyewe. Dada anapotoka re kwenda sol huwa anateleza, haruki, ndiyo maana watu wanalia kanisani. Mashine imekata mteremko wote, imebaki ngazi. Namuomba fundi sauti ya mwanzo, kabla ya otochuni. Amefuta. Zinamjazia diski, anasema. Tukitaka kurudia kuimba, dola 20.

Haoni hata franga moja. Jumamosi tunarudia hapa hapa nyumbani, godoro limeegeshwa ukutani, majirani nimeshawaomba watuzimie redio. Klavye nimeazima, nimeipima mwenyewe: 440. Dada bado hajakubali kuja.